Bia yenye siagi na bia yenye ndizi: ipi imeharibika?

"Mtaalamu, habari za kazi. Naishi Kampala na nimezoea bia za chupa za viwanda vyetu vikubwa. Mwezi uliopita wenzangu wa kazini walinipeleka kwenye baa inayopika bia yake yenyewe. Niliagiza laga ya rangi ya dhahabu, shilingi 15,000 kwa glasi. Ilinuka siagi, ikaniachia utelezi mdomoni kama nimelamba samli. Mwenzangu alionja glasi hiyo hiyo akasema haoni kitu. Nikabadilisha, nikaletewa bia ya ngano: ina ukungu, huoni upande wa pili, inanuka ndizi mbivu na karafuu. Mhudumu alisema bia za namna hii ndivyo zilivyo, ni mimi sijazoea. Rafiki mwingine akasema bia yenye ukungu imeoza, na hiyo ndizi ni manukato ya dukani. Kesho yake kichwa kiliuma na tumbo likaendesha, nikaogopa ile pombe ya sumu tunayoisikia kwenye habari. Baada ya wiki mbili tulirudi: laga ile ile, siagi haipo. Je, niliuziwa bia mbovu au tatizo ni ulimi wangu? Na ingeweza kunidhuru?"

Ndugu msomaji, ulimi wako hauna kosa. Kwa maelezo uliyoandika, laga ile ilikuwa na kasoro ya kweli, na bia ya ngano ilikuwa vile inavyotakiwa kuwa. Mhudumu aliitetea kasoro kwa jina la mtindo. Rafiki yako akalaumu bia nzima kwa sababu haikufanana na ile ya chupa. Kati ya makosa haya mawili watu wengi huziacha bia za viwanda vidogo baada ya glasi ya kwanza, au huzimaliza kwa shida kwa kuona haya kusema. Lakini tuanze na hofu yako, maana ni nzito kuliko ladha.

Sumu unayoisikia kwenye habari ni methanoli, na habari hizo huhusu pombe kali, hasa waragi ya magendo ambayo mtu ameiongezea spiriti ya viwandani ili ipatikane nyingi kwa bei ndogo. Vifo vya Kabale vya mwaka 2010 vilitokana na pombe ya aina hiyo. Bia haipikwi hivyo. Hamira hula sukari ya kimea cha shayiri na kutoa ethanoli, yaani kilevi chenyewe cha bia, na gesi ya kaboni. Methanoli inayopatikana humo ni kidogo mno hata haihesabiki kuwa hatari. Tena bia ni makazi mabaya kwa vijidudu vya maradhi: ina uchachu wa pH kati ya 4 na 4.6, ina kilevi, ina uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa wakati wa kupika, na ndani yake karibu hamna oksijeni. Wapo bakteria wanaoweza kuishi humo, na wanaiharibu bia kwelikweli, lakini kinachoharibika ni ladha. Hawakuletei ugonjwa.

Kichwa kina maelezo ya kawaida zaidi. Bia za viwanda vidogo mara nyingi zina kilevi cha asilimia 6 au 7, wakati ya chupa uliyoizoea ina karibu 5. Glasi mbili za asilimia 7 zinakaribia glasi tatu za asilimia 5, na mtu huhesabu glasi, hahesabu kilevi. Tumbo nalo lina washukiwa kadhaa. Bia isiyochujwa ina hamira hai, na kwa baadhi ya watu wasioizoea huleta gesi na choo chepesi kwa siku moja. Zaidi ya hapo ningeuliza ulikula nini pale, na glasi ilisuuzwa kwa maji gani, kabla sijailaumu bia. Ukiendesha zaidi ya siku mbili, ukiona damu kwenye choo, ukipata homa au ukishindwa hata kushika maji tumboni, nenda kituo cha afya, usisubiri ushauri wa mtu wa bia. Na endapo wewe au mwenzako mtakunywa pombe kali ya asili isiyojulikana, kisha macho yakaanza kuona ukungu au pumzi ikawa ya haraka, hiyo ni safari ya hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa siagi. Harufu hiyo ina jina, dayasetili, na haitoki kwenye siagi yoyote. Hamira inapojenga protini zake, hutengeneza ndani ya seli kitu cha kati ambacho sehemu yake huvuja na kuingia kwenye bia. Kikiwa nje hugeuka chenyewe, polepole, kuwa dayasetili. Hili hutokea katika kila bia, ndogo na kubwa, ya chupa na ya bomba. Kinachotofautisha bia safi na ile uliyopewa ni hatua inayofuata: uchachushaji unapokaribia kwisha, hamira ikiwa bado hai na bia ikiwa na joto la kutosha, huirudia dayasetili, huinyonya na kuigeuza kitu ambacho pua haikihisi. Kwa hiyo mpishi hana haja ya kuongeza chochote. Anachotakiwa ni kuiachia hamira muda wa kusafisha ilichokichafua yenyewe.

Hapo ndipo laga inapowatesa wapishi wenye haraka. Eli, ukoo wa bia zinazochacha kwenye joto, huchachushwa kwenye nyuzi 18 hadi 20, na kwa joto hilo usafi hufanyika haraka. Siku mbili au tatu baada ya sukari kwisha zinatosha. Laga huchachushwa kwenye baridi, nyuzi 9 hadi 13, na kwenye baridi hiyo hamira ni mvivu. Mpishi makini hupandisha tangi hadi nyuzi 16 au 18 sukari inapokaribia kwisha, akaliacha hapo siku mbili au tatu, ndipo analishusha kwenye baridi kali kwa wiki kadhaa. Kiwanda chenye matangi manne na wateja wanaojaa kila Ijumaa kina kishawishi kikubwa cha kuruka siku hizo. Tangi likipozwa mapema, hamira hulala na kuzama, na siagi hubaki.

Kuna mtego mwingine ndani yake. Bia inaweza kutoka kwenye tangi ikiwa safi puani, kumbe kile kitu cha kati bado kimo, hakijageuka. Inajazwa kwenye mapipa, inapita vizuri mbele ya mpishi, halafu umeme unakatika mchana kutwa, chumba cha baridi kinapata joto, na siagi inazaliwa ndani ya pipa wakati hamna tena hamira ya kuila. Kipimo chake hakihitaji maabara. Chukua sampuli mbili kutoka tangini, zifunike. Moja iweke kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 70 kwa dakika 20, kisha ipoze ifanane na nyingine. Nusa zote mbili. Ikiwa iliyopashwa moto inanuka siagi na nyingine hainuki, bia haijawa tayari, basi. Kila mpishi angepaswa kufanya hivi kabla ya kulipoza tangi lolote la laga, na nashangaa ni wangapi hawafanyi.

Chanzo cha pili cha siagi hakihusiani na upishi hata kidogo. Ni mirija inayoleta bia kutoka kwenye pipa hadi bombani. Isiposafishwa, bakteria hujenga utando ndani yake, na mmoja wao, Pediococcus, hutoa dayasetili pamoja na uchachu. Kanuni inayofuatwa na wanaoijua kazi ni hii: kila baada ya siku 14 mirija hupitishiwa maji ya kostiki (soda kali ya kusafishia) ya asilimia 2 yenye uvuguvugu, yakizungushwa na pampu kwa dakika 15, au yakiachwa yatulie humo kwa dakika 20 kama pampu haipo, kisha husuuzwa hadi kostiki iishe kabisa. Bomba lenyewe hufunguliwa na kusuguliwa siku hiyo hiyo, kwa sababu mdomo wake ndio mchafu kuliko vyote. Kila miezi mitatu hupitishwa asidi kutoa gaga la madini ambalo kostiki haling'oi. Kupitisha maji matupu, kama zifanyavyo baa nyingi, hakuondoi utando.

Utazitofautishaje sababu hizi ukiwa mezani? Ikiwa siagi iko kwenye bia moja tu na mabomba mengine ni safi, tuhumu tangi au pipa. Ikiwa bia tatu za aina tofauti zote zina usiagi na uchachu kidogo, tuhumu mirija. Ikiwa glasi ya kwanza ya mchana ilikuwa mbaya na ya tatu kutoka bomba lile lile ikawa afadhali, ni mirija tena, kwa maana bia iliyolala humo usiku kucha imekwisha kutoka. Kwa upande wako, uliona siagi na utelezi bila uchachu, bia ya pili ikaja safi, na wiki mbili baadaye kasoro haikuwapo. Mimi ningeelekea kwenye tangi lililoharakishwa, au pipa lililopata joto, kisha likafuata pipa jipya. Lakini mirija iliyosafishwa katikati ya ziara zako mbili pia ingetoa matokeo hayo, na kwa mbali siwezi kuikataa.

Mwenzako aliyeonja asione kitu hakukudanganya. Watu hutofautiana sana katika kuihisi dayasetili. Wapo wanaoinusa ikiwa chini ya miligramu 0.1 kwa lita, na wapo wasioihisi hata ikiwa mara kadhaa ya hapo; wengine huhisi ule utelezi tu. Yawezekana mhudumu ni mmoja wao, yawezekana hata mpishi. Ndiyo maana kiwanda kisimwachie mtu mmoja kazi ya kuonja. Niongeze, kwa haki, kwamba baadhi ya pilsna (laga za rangi ya dhahabu) za Ucheki na eli za Uingereza huachiwa kidokezo cha siagi kwa makusudi. Kidokezo, lakini. Laga inayokufanya ufikirie samli imepita mpaka huo.

Tuje kwenye bia ya ngano, ambayo rafiki yako aliionea. Mtindo huo asili yake ni kusini mwa Ujerumani, na hamira yake ni ya ukoo maalumu: inapochacha hutoa yenyewe kemikali ile ile inayoipa ndizi mbivu harufu yake, na nyingine inayofanana na karafuu. Hakuna ndizi iliyotiwa, wala manukato. Mpishi huongoza harufu hizo kwa joto. Akichachusha kwa joto zaidi ndizi hutawala, akipunguza karafuu hujitokeza. Ukungu wake unatokana na protini za ngano na hamira iliyoachwa ielee, na mtu anayeijua angelalamika kama ingekuja angavu. Viwanda vikubwa huchuja bia ili ikae dukani miezi mingi bila kubadilika sura, na macho yetu yamefunzwa kuuona huo uangavu kuwa uzima. Malwa, pombe yetu ya ulezi, haijawahi kuwa angavu, na hakuna anayeingia na mrija wake mrefu akasema imeoza.

Ukungu huwa kasoro pale bia ambayo jana ilikuwa angavu leo ina ukungu na imechachuka, au ina vipande vinavyoelea. Kuna pia ukungu wa wanga, ambao hapa Uganda unastahili kuangaliwa kwa sababu wapishi wetu wanapenda, na wanafanya vyema, kutumia mtama. Wanga wa mtama hulainika kwenye joto kubwa kuliko wa shayiri, hivyo mtama usiooteshwa ukitiwa moja kwa moja kwenye beseni la shayiri lenye nyuzi 65, wanga mwingi hubaki bila kugeuzwa sukari. Unatakiwa upikwe peke yake kwanza hadi uwe uji, ndipo uchanganywe. Tone la ayodini kwenye sampuli hufichua kosa hilo: likigeuka bluu-nyeusi, wanga bado upo.

Kuhusu karafuu, kuna harufu moja inayochanganywa nayo, nayo ni mbaya: ya plasta ya kidonda, au ya dawa ya kusafishia hospitalini. Hiyo hutokana na klorini. Maji ya bomba ya Kampala, yanayotoka Ziwa Victoria kupitia mitambo ya Ggaba, hutiwa klorini, na ni vizuri hivyo kwa afya yetu. Klorini ikikutana na baadhi ya kemikali za kimea na hamira, huzaa harufu ambayo kiasi kidogo kupindukia hutosha kuiharibu bia nzima. Dawa yake ni chujio la mkaa, au kidonge cha metabisalfaiti cha karibu nusu gramu kwa kila lita 75 za maji kabla ya kupika. Ukiipata harufu hiyo, usisadiki kwamba ni mtindo. Hakuna mtindo wa plasta.

Mwinuko wa nchi yetu nao una mkono wake. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96. Kimea cheupe cha laga kina kitu ambacho kwa joto hugeuka kuwa gesi yenye harufu ya mahindi ya kuchemsha au kabichi. Mchemko mrefu hukigeuza chote na kuitoa gesi hiyo na mvuke. Kwa kadirio, kila joto linaposhuka nyuzi 6, kazi hiyo huchukua muda maradufu. Dakika 60 za pwani zinadai karibu 95 hapa, na Kabale, kwenye mita 2,000 hivi, zinadai zaidi ya saa mbili. Mpishi anayefuata kitabu cha Ulaya neno kwa neno, tena akafunika sufuria kuokoa gesi ya kupikia, atapata laga yenye mahindi na hatajua imetoka wapi. Vivyo hivyo kwa mgandamizo wa pipa: jedwali zilizoandikwa kwa usawa wa bahari zinahitaji nyongeza ya takriban bar 0.13 hapa Kampala, la sivyo bia hupoteza gesi kidogo kidogo na mteja huletewa glasi iliyolala.

Yapo pia mambo yanayoharibika mezani, na mengine ni mikono yetu wenyewe. Mafuta huua povu, kwa hiyo ukila muchomo wa nguruwe, futa midomo kabla ya kunywa. Ukiona viputo vimeganda kwenye kuta za glasi badala ya kupanda, glasi haikuoshwa vizuri, omba nyingine. Bia yenye hopsi ikikaa kwenye glasi juani hubadilika harufu ndani ya dakika chache tu, ikawa ya kicheche, kwa sababu mwanga huvunja kemikali za uchungu. Kaa kivulini. Na bia iliyokuja baridi kupita kiasi huficha kasoro na sifa pamoja: ishike kwa viganja, funika mdomo wa glasi, izungushe, kisha nusa kabla hujaonja.

Ukirudi pale, omba kionjo kidogo kabla ya kununua glasi nzima. Baa nyingi zinazopika bia yake hutoa. Ukikuta kasoro, irudishe ukiwa umeonja mara mbili au tatu, sio ikiwa imebaki robo. Usiseme "bia mbaya." Sema ulichokihisi na kilipotoka: "Hii laga ya bomba la pili ina harufu ya siagi, nyingine hazina." Kisha uliza maswali mawili kwa upole: pipa hili limefunguliwa lini, na mirija imesafishwa lini. Ukijibiwa kwa tarehe, uko mahali pazuri hata kama siku hiyo bia imekosea. Kama mpishi yupo, omba kuzungumza naye. Aliye makini atakuja mwenyewe anuse, na mara nyingi atalifunga bomba hilo mbele yako. Kama jibu ni lile lile la kwamba hujazoea, lipa ulichokunywa na uende kwingine.

Mambo hubadilika ikiwa watu kadhaa waliokunywa au kula mahali pamoja wameugua. Hapo peleka taarifa kwa ofisi ya afya ya jiji, KCCA, na mwone daktari mkiwa na maelezo ya mlichokula na saa mlizokula. Kwa bia ya chupa au kopo iliyouzwa na lebo, malalamiko hupelekwa pia kwa shirika la viwango, UNBS. Hifadhi chupa yenye namba ya toleo na tarehe, iwekwe baridi, isitupwe. Siagi peke yake haihitaji ofisi yoyote. Inahitaji kurudishwa kaunta.

Kwa kuwa mara ya pili ulipata laga safi, mimi nisingeiandika baa hiyo kuwa mbovu. Nenda mara ya tatu, mapema kabla haijajaa watu, uanze na laga ndogo, na safari hii bia ya ngano uinywe bila hofu.